Sensa mpya ya taa za nje ina waya mwekundu, na ukutani kuna nyekundu mbili. Naunga vipi?

Mjimwema_B
Wakuu, habari za jioni.

Ukuta wa nyuma nina sensa moja iliyokuwa inawasha taa mbili za LED za wati 50. Getini kuna taa nyingine yenye sensa yake humo humo. Zote zimefika mwisho. Ya getini imeingia maji, haiwaki kabisa. Ya nyuma ndiyo imenichosha: tangu masika haizimi. Mchana kweupe taa zinawaka, usiku zinawaka, apite mtu asipite mtu. Tumebaki kuzizima kwa swichi ya jikoni, na hata hapo ukitoka nje usiku unaona bado zinatoa kamwanga hafifu.

Nimenunua vipya Kariakoo. Nyumba ilifungwa umeme zamani, nyaya ni nyekundu na nyeusi. Leo nimeshusha meni swichi, nikafungua boksi la sensa ya nyuma. Ndani kuna nyekundu mbili, nyeusi mbili, na kijani mmoja umekatwa, umekunjwa nyuma, haujaungwa popote. Sensa mpya inatoka nyaya tatu: kahawia, bluu na nyekundu. Karatasi yake ni Kichina kitupu, na mchoro wenyewe ni wa kutafuta kwa kioo cha kukuzia.

Nyekundu inakwenda na nyekundu? Na huu wa kahawia niupeleke wapi?

Kitonga
Mkuu hiyo ni kazi ya dakika tano. Nyekundu zote tatu funga pamoja, nyeusi mbili na bluu pamoja, kahawia ni ardhi, unga na ule wa kijani. Piga tepu, umemaliza.

FundiWaya
Mjimwema_B, usiguse kitu. Kitonga, naomba ufute hicho ulichoandika kabla mtu hajakifuata.

Sensa nyingi za namna hii zina rangi zilezile: kahawia ni moto unaoingia, bluu ni niutro (njia ya umeme kurudi), nyekundu ni moto unaotoka kwenda kwenye taa. Yaani nyekundu ya sensa SIYO nyekundu ya nyumba yako. Ukutani kwako nyekundu ni rangi ya moto wa zamani, na kwenye sensa ni ya mwisho wa safari, baada ya rilei (swichi ndogo iliyo ndani ya sensa) kufunga. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea.

Ukifuata ushauri wa Kitonga, moto unaotoka swichini unaungana moja kwa moja na waya wa taa. Taa zitawaka muda wote, na sensa yenyewe haitapata umeme hata kidogo kwa sababu mlango wake wa kuingilia ni kahawia. Halafu umepeleka kahawia kwenye ardhi. Kahawia siyo ardhi, haijawahi kuwa ardhi. Ardhi ni kijani, au kijani chenye mstari wa njano.

Kwa hiyo kwenye lile boksi: nyekundu moja inatoka swichini, hiyo inaungwa na kahawia. Nyekundu ya pili inakwenda kwenye taa, hiyo inaungwa na nyekundu ya sensa. Nyeusi zote mbili na bluu zinakaa pamoja kwenye konekta moja. Tatizo lako sasa ni kujua nyekundu ipi ni ipi, na rangi haitakwambia.

Kitonga
Sawa fundi. Nimekoma. Ila kwangu niliunga hivyo na taa zinawaka vizuri tu.

FundiWaya
Zinawaka, ndiyo. Zinazima?

Kitonga
😅

NyaliMkongwe
Naunga mkono fundi, na niongeze jambo kutoka huku Mombasa kwa kuwa nyumba zetu kuukuu ni sawa na zenu. Nyekundu na nyeusi ni mtindo tulioachiwa na Waingereza. Wao wenyewe walianza kuhamia kahawia na bluu mwaka 2004, na kutoka Aprili 2006 kazi mpya zote kwao zikawa za rangi hizo. Vifaa vinavyokuja sasa vyafuata rangi mpya, nyumba zetu ziko kwa zile za zamani.

Sasa hatari yenyewe ni hii: katika nyumba ya fezi tatu (yaani nyaya tatu za moto) ya mtindo wa zamani, fezi zilikuwa nyekundu, njano na BLUU, niutro nyeusi. Kwa hiyo wapata bluu ndani ya boksi kuukuu ukadhani ni niutro kama ya sensa, kumbe ni fezi hai. Ndugu yangu Mjimwema, kama mita yako ni ya fezi tatu sema mapema.

Mjimwema_B
Mita yangu ni Luku ya kawaida, fezi moja. Ndani ya boksi hakuna bluu yoyote.

Nina testa ya bisibisi, na shemeji yangu ana mita ya kupimia. Nianzie wapi?

FundiWaya
Azima ya shemeji. Testa ya bisibisi inakwambia kuna kitu, haikwambii ni nini. Waya mrefu uliolala sambamba na wenye moto unaweza kuiwasha na kumbe haujaungwa popote.

Shusha meni swichi. Tenganisha nyaya zote nne, kila ncha ipate konekta yake ya plastiki ili hakuna inayogusa mwenzake wala bati la boksi. Zibandike karatasi: N1, N2 kwa nyekundu, W1, W2 kwa nyeusi. Piga picha. Halafu vaa viatu vikavu, mtu mzima mmoja awe karibu na meni swichi, washa, na swichi ya jikoni iwe imewashwa pia. Mita iweke kwenye volti za AC, ile ngazi ya 600 au 750, usiache kwenye omu.

Pima kila nyekundu na kila nyeusi. Jozi moja tu itakupa karibu 230. Hiyo ndiyo inayotoka swichini. Nyingine zinaweza kukuonyesha namba za ajabu, 40, 90, zinazocheza cheza. Hizo ni volti za mzimu, mita za kisasa zinazinasa kirahisi, zisikubabaishe.

Ukishapata jozi yako, zima swichi ya jikoni upime tena, kisha lete majibu yote mawili. Nina sababu ya kuuliza hilo la pili. Kamwanga ulikotaja mwanzoni kananipa mashaka.

DadaUmemeJua
Jamani kwa nini mnajitesa? Kuna taa za sola zenye sensa, unapiga skrubu mbili ukutani umemaliza. Hakuna waya, hakuna Luku, hakuna kuungua.

UngujaKusini
Dada, nilizifunga nne hapa Makunduchi. Zinapendeza mpaka betri inapochoka. Masika mawingu yanakaa siku nzima, saa tano usiku taa imeshalala. Na bei ndogo maana yake betri ndogo. Kwenye banda la kuku, pahali pasipo waya, ni sawa kabisa. Kwenye mlango ambao tayari una waya ukutani, sioni sababu ya kuuacha waya ukae bure.

DadaUmemeJua
Hapo kwenye masika nakubali. Yangu ya kisimani nayo inazingua.

Mjimwema_B
Nimepima.

Swichi ikiwa imewashwa: N2 na W1 inatoa 231. Nyingine zote ni zile namba za kucheza ulizosema.

Swichi ikizimwa: N2 na W1 inashuka, inacheza kwenye 50 hivi. Nikafurahi. Lakini nikagusisha testa kwenye N2, inawaka. Nikapima N2 na ule wa kijani uliokunjwa: 228. Swichi ikiwa IMEZIMWA. Nimeshusha meni swichi, nimekaa chini, naandika hapa.

FundiWaya
Hicho ndicho nilichokuwa nakisubiri.

Swichi yako inakata niutro badala ya kukata moto. Aliyefunga aliunganisha nyekundu moja kwa moja na kuipitisha nyeusi kwenye swichi. Taa inazima, kwa sababu njia ya kurudi imekatwa, na mwenye nyumba anaridhika. Lakini moto unabaki pale juu kwenye taa saa zote. Mtu akizima swichi ya jikoni, akapanda ngazi kubadilisha taa, akagusa N2 huku ameshika bati la ukuta lenye unyevu, njia ya kurudi inakuwa ni yeye.

Ndiyo maana nawaambia watu kila siku: kazi ya taa za nje, shusha kwenye breka, usiamini swichi ya ukutani.

Na kale kamwanga maelezo yake ni hayo hayo. Moto umefika kwenye taa muda wote. Nyeusi imekatwa swichini lakini imelala mita nyingi ndani ya bomba pamoja na nyaya nyingine na ukuta wenye unyevunyevu. Umeme mdogo sana unapenya kwa njia hiyo. Taa ya zamani ya uzi isingeuona. LED inatosheka na kidogo, inatoa mwanga hafifu.

Mwanafunzi_DIT
Swali fundi. Kama sensa ipo katikati, na rilei yake iko wazi, moto ungefikaje kwenye taa? Kamwanga kasingeonekana.

FundiWaya
Swali zuri sana kijana. Usingeonekana. Isipokuwa rilei haiko wazi.

Kumbuka alichosema: sensa haizimi mchana wala usiku. Midomo ya rilei imegandana. Hiyo inatokea sana tangu watu wahamie LED. Taa za LED zina kapasita mlangoni, na kila zinapowashwa zinavuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo mno, mkubwa kupita kiasi ukilinganisha na wati zilizoandikwa. Cheche ndogo kila mara, mwishowe midomo inajichomelea yenyewe. Ukitazama sensa nyingi utakuta zimeandikwa wati 1200 kwa taa za uzi lakini 300 tu kwa LED, na sababu ni hiyo hiyo. Mbili za 50 bado ziko ndani ya kiwango, lakini sensa za bei ya chini rilei yake ni dhaifu kuliko maandishi yake.

Mjimwema_B, zile taa ziliwekwa lini? Mwanzo zilikuwa LED?

Mjimwema_B
Hapana, mwanzo zilikuwa zile ndefu za haloji, zilikuwa zinakula Luku vibaya. Tukaweka LED, sensa ikabaki ileile.

FundiWaya
Basi umepata historia yote.

MamaKibosho
Samahani kuwakatiza. Hayo ya rilei yamenipita, lakini nauliza kwa aliyewahi: sensa yangu inawaka usiku kucha bila mtu, na mchana inakaa kimya vizuri. Siyo kuganda basi. Nyuma ya nyumba nina migomba.

UngujaKusini
Mama, mgomba ndiyo jibu. Sensa hizi hazioni mtu, zinaona joto linalosogea. Jani pana lililopata joto la jua mchana, jioni upepo ukilipunga mbele ya ukuta uliopoa, sensa inahesabu mgeni kaingia. Geuza kichwa cha sensa kielekee kwenye njia, siyo kwenye migomba. Ukishindwa, bandika kipande cha tepu nyeusi kwenye kile kioo cheupe, upande unaotazama migomba tu. Kipande kidogo, unajaribu, unaongeza.

Na mchana haiwaki kwa sababu ya ile jicho la mwanga, siyo kwamba haioni mgomba.

MamaKibosho
Nimeelewa mwanangu. Kumbe siyo wezi, nilishaanza kumlaumu mlinzi.

Saa12Asubuhi
Mlinzi wangu yeye kinyume. Anakaa kimya kiti kimoja mpaka sensa inamsahau. Taa ya getini ikizima najua amelala.

NyaliMkongwe
😂 Hiyo nayo ni matumizi.

Lakini mjusi pia msimsahau. Mjusi akitembea juu ya kioo cha sensa chenyewe, kwa ule ukaribu, sensa yamwona kama ng'ombe. Na sisimizi waingia ndani kwa tundu la waya wajenga humo. Ya kwangu ilijaa mayai meupe mpaka bodi yote.

Mjimwema_B
Turudi kwangu wakuu. Kwa hiyo kwenye swichi ya jikoni nifanye nini? Nimefungua kifuniko (meni swichi iko chini). Nyeusi mbili zimeingia kwenye swichi, moja kila upande. Nyuma yake nyekundu mbili zimesokotwa pamoja na tepu iliyokakamaa.

FundiWaya
Ndivyo nilivyodhani. Marekebisho ni kubadilishana nafasi: nyeusi mbili ziungwe pamoja kwenye konekta, zile nyekundu zifunguliwe, moja iingie upande mmoja wa swichi na nyingine upande wa pili. Kwa mdomo ni rahisi. Ila hapo ningekushauri umwite fundi mwenye leseni, kwa sababu mtu aliyekosea pale amekosea na penginepo, na anayejua atakagua swichi zote za nyumba kwa mara moja. Leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, mwombe akuonyeshe, hataona vibaya kama anayo.

Mwambie pia aangalie ule waya wa kijani. Ulipata 228 kati ya nyekundu na kijani, maana yake kijani kinafika mahali fulani. Lakini mita ya kawaida haivuti mkondo wa maana, inaweza kuonyesha 228 hata kama ardhi yako ni mbovu na haiwezi kubeba mkondo wa kuangusha breka. Kuna mita maalumu ya kupimia ardhi. Fito la ardhi likiwa kwenye mchanga mkavu wa huko Kigamboni, ukavu wa Januari unaweza kukuacha bila ardhi.

Kitonga
Nauliza kwa heshima safari hii. Kwani taa ya plastiki nayo inahitaji ardhi?

FundiWaya
Angalia nyuma yake. Ikiwa na alama ya mraba ndani ya mraba, imewekewa kinga mara mbili, haihitaji. Zile za nje zenye mwili wa aluminiamu karibu zote zinakuja na waya wa kijani na njano, na hizo lazima ziungwe. Mjimwema_B taa zako za wati 50 ni za bati, siyo?

Mjimwema_B
Ni za bati. Nimepanda kuangalia: waya wa kijani na njano wa taa zote mbili umekatwa karibu kabisa na mwili.

FundiWaya
Hao ndio mafundi tunaowafuatia nyuma. Fundi atakayekuja avute kijani mpaka kwenye taa zenyewe, na kama imekatwa karibu kiasi cha kutofikika, ndani ya taa kuna skrubu ya ardhi, anaweza kufungua na kuweka waya mpya. Na kwenye kasha la breka, kama hamna ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, wekeni. Kwa taa za nje zinazonyeshewa mvua siwezi kulala bila hiyo.

UngujaKusini
Mjimwema uko pwani kama sisi, kwa hiyo yangu ni ya chumvi. Skrubu za chuma cha kawaida msimu mmoja zimeliwa, na ukitaka kufungua utakata. Tafuta za chuma kisichoshika kutu. Waya uingie kwenye boksi kutokea CHINI, na kabla ya kuingia uuache ushuke kidogo kisha upande, maji yadondoke pale kwenye kona badala ya kufuata waya mpaka ndani. Silikoni paka juu na pembeni mwa boksi pale linapokutana na ukuta, chini acha wazi. Watu wanaziba pande zote, maji yakishaingia hayana pa kutokea. Ile ya getini iliyoingia maji bila shaka tundu lake liliangalia juu.

Kwenye boksi angalia pia namba ya IP, ya kuzuia vumbi na maji. 44 inavumilia rasharasha chini ya paa. Getini ambako hakuna paa tafuta 65.

Mjimwema_B
Ni kweli, ya getini waya umeingilia juu. Mpya imeandikwa IP65. Hiyo ina kahawia, bluu, na kijani na njano tu, haina nyekundu.

FundiWaya
Hiyo haikupi shida. Sensa na taa viko pamoja ndani, kuunganishwa kwao wamemaliza kiwandani. Kahawia kwa nyekundu ya ukuta, bluu kwa nyeusi, kijani kwa kijani. Kwanza hakikisha kwa mita kwamba nyekundu ya pale ndiyo yenye moto, maana kwa fundi yule hakuna cha kuamini.

Tepu peke yake usitumie kuungia nje. Gundi yake inayeyuka na jua. Konekta ndani ya boksi, kila waya uvutwe kwa mkono kuona kama skrubu imeushika.

Mjimwema_B
Mrejesho wakuu.

Fundi amekuja, leseni ameonyesha. Amebadilisha ile swichi ya jikoni, na kama FundiWaya alivyosema, swichi ya stoo na ya choo cha nje nazo zilikuwa zinakata niutro. Kazi ya mtu mmoja. Ardhi ameipima, hakuridhika nayo, ameongeza fito jingine. Breka ya kukata uvujaji imewekwa.

Ya nyuma: N2 kwa kahawia, N1 kwa nyekundu ya sensa, nyeusi mbili na bluu pamoja. Kamwanga kametoweka kabisa. Ila sasa sensa mpya inafanya mambo. Kwanza tulipowasha, taa ziliwaka zenyewe kama dakika nzima bila mtu. Pili, nikitembea kutoka kwenye banda kuja mlangoni inaniona nikiwa nimeshafika. Kwenye kasha imeandikwa mita 12!

FundiWaya
La kwanza ni la kawaida. Ikipata umeme inawaka kwanza huku inazoea mazingira, nusu dakika mpaka dakika moja. Umeme ukikatika na kurudi usiku utaona hivyohivyo, usiite fundi.

La pili, soma maandishi madogo chini ya hiyo mita 12. Nyingi zinaandika: kwa joto chini ya nyuzi 24. Dar es Salaam nyuzi 24 utazipata lini? Sensa inatafuta tofauti kati ya joto la mwili na joto la kilicho nyuma yako. Saa moja jioni ukuta umepikwa na jua kutwa, ua wa saruji nao, mwili wako haujitofautishi sana. Usiku wa manane itakuona mbali zaidi, jaribu.

Lakini kuna kubwa zaidi. Unatoka bandani unaijia sensa uso kwa uso. Kioo chake kimegawanywa vipande vipande, na inachogundua ni joto linalohama kutoka kipande kimoja kwenda kingine. Mtu anayekatiza mbele yake anahama vipande haraka. Anayeijia moja kwa moja anabaki kwenye kipande kilekile. Isogeze pembeni, ili njia ya kutoka bandani iwe inakatiza mbele yake. Na imewekwa urefu gani?

Mjimwema_B
Juu kabisa chini ya paa, kama mita tatu na nusu.

FundiWaya
Ishushe. Nyingi zinataka kati ya mita 1.8 na 2.5. Ukiipandisha sana inaangalia juu ya vichwa vya watu.

Na isitazame taa yake yenyewe. Taa ikizima inapoa, sensa inaona joto linabadilika, inawasha tena, mnakuwa na taa inayojikonyeza usiku kucha.

Mwanafunzi_DIT
Na vile virungu vitatu vya chini, TIME (muda wa kuwaka), LUX (kiwango cha giza) na SENS (wepesi wa kuhisi), mpangilio wake?

UngujaKusini
Kwa majaribio ya mchana LUX igeuze yote kuelekea kwenye jua, TIME iwe chini kabisa, kwa nyingi ni kama sekunde 10. Tembea, hesabu, sogeza. Ukiridhika na eneo, rudi saa ya magharibi. Subiri giza lifike kiwango unachotaka taa zianze kufanya kazi, LUX iwe imerudishwa upande wa mwezi, kisha ipandishe polepole huku mtu anapita mbele, mpaka pale inapowaka. Iache hapo. TIME weka dakika mbili tatu. SENS kwa wenye paka na migomba usiivute mpaka mwisho.

TIME ya sekunde 10 usiiache usiku. Unakuwa bado unatafuta funguo, giza. Na kuwaka-kuzima mara nyingi ndiko kunakoiua rilei, kama fundi alivyoeleza.

Saa12Asubuhi
Kuna tofauti kweli kwenye Luku au ni fasheni?

FundiWaya
Hesabu za Mjimwema: taa mbili za 50 ni wati 100. Zikiwaka saa 12 za usiku ni uniti 1.2, kwa mwezi 36. Kwa aliye kwenye ile tarifu ya nafuu, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, karibu nusu yake imekwenda kumulika ukuta. Kwa sensa inayofanya kazi, tuseme zinawaka jumla nusu saa kila usiku, ni uniti moja na nusu kwa mwezi. Sensa yenyewe inakula kidogo sana saa zote, kwenye hesabu ya mwezi hata uniti nzima kwa kawaida haifiki.

Mjimwema_B
Nimeishusha na kuihamishia kona ya jiko. Inanishika nikiwa nimetoka tu bandani. Geti nalo limekaa sawa. FundiWaya, UngujaKusini na wengine wote, nashukuru sana. Kitonga wewe nenda kaangalie kwako.

Kitonga
Nimekwenda. Kahawia nilikuwa nimeifunga kwenye kijani kweli. Fundi anakuja Jumamosi.

MamaKibosho
Na mimi la mwisho. Tepu kwenye kioo imesaidia, imetulia. Sasa nataka taa ileile iwake mtu akitokea mbele AU nyuma ya nyumba. Naweza kuweka sensa mbili kwa taa moja?

FundiWaya
Inawezekana mama, na ni kazi ya kawaida. Kahawia za sensa zote mbili zinapata moto kutoka chanzo kimoja, bluu zote kwenye niutro, na nyekundu zote mbili zinaungana kwenda kwenye taa. Yoyote itakayoona mtu inawasha.

Sharti ni moja tu, na mwambie fundi wako kabla hajaanza: kama nyumba yako ni ya fezi tatu, sensa zote mbili lazima zichukue moto kwenye fezi ileile na breka ileile. Moja ikitoka fezi nyingine, siku ambayo sensa zote mbili zitawasha kwa pamoja fezi mbili zitakutana kwenye ule waya wa nyekundu. Hapo kuna volti 400 kati yao, na ni shoti ya moja kwa moja.

MamaKibosho
Mita yangu ina breka tatu kubwa zilizopangana. Ndiyo hiyo fezi tatu?

FundiWaya
Huenda. Piga picha kasha lote, kifuniko kikiwa kimefungwa, uiweke hapa. Usifungue.